Tahariri: Hakuna shujaa aliye juu ya daftari

Katika miaka ya 180 kabla ya Kristo, mtu mmoja alisimama mbele ya Seneti ya Roma akauliza jambo ambalo kila bunge lina wajibu wa kuliuliza: fedha zilizotolewa na Mfalme Antiochus wa Shamu kwa ajili ya posho za askari zimetumikaje? Aliyeulizwa alikuwa Publius Cornelius Scipio, jemadari aliyemshinda Hannibal wa Karthago huko Zama mwaka 202 KK. Mwanahistoria Polybius anasimulia kwamba Scipio alikiri kuwa hesabu anayo, lakini akasema hawajibiki kumtolea mtu yeyote. Alipobanwa, alimtuma ndugu yake akalilete daftari. Lilipofika, alilichana mbele ya wote, akamwambia aliyeuliza aitafute hesabu yake kwenye vipande. Kisha akawageukia wengine: mbona mwauliza talanta 3,000 zimetumikaje, wala hamwulizi talanta 15,000 mnazolipwa na Antiochus mmezipata kwa mkono wa nani? Baraza likanyamaza.

Polybius alikiandika kisa hicho kumsifu Scipio, na wengi waliomfuata wamekirudia kwa sifa hizohizo. Gazeti hili linakisoma kwa huzuni. Siku ile wazee wa Roma walikubali, kwa kunyamaza kwao, kwamba mtu akiitumikia nchi vizuri sana anasamehewa kutoa hesabu. Huo ndio ufa tunaotaka kuujadili leo. Roma iliinuka wakati mwenye cheo alipojua kuwa ataulizwa. Ilianza kuoza wakati wenye vyeo walipogundua kuwa wanaweza kukataa kujibu, na ikaanguka ilipofika mahali anayeuliza ndiye anayeadhibiwa.

Tuanze na kuinuka kwake. Kwa mapokeo yao, Warumi walimfukuza mfalme wao wa mwisho mwaka 509 KK. Badala ya kutafuta mfalme aliye mwema zaidi, walikigawa cheo chenyewe. Waliweka makonsuli wawili, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumzuia mwenzake, na muda wao ulikuwa mwaka mmoja tu. Hatari ikizidi, walimteua dikteta, naye hakuruhusiwa kukaa zaidi ya miezi sita. Muda ukiisha, konsuli alirudi kuwa raia wa kawaida anayeweza kushtakiwa mahakamani. Aidha, maofisa walioitwa masensa walipitia orodha ya maseneta na kumwondoa aliyejivunjia heshima. Mwaka 184 KK, sensa Marcus Porcius Cato alimfuta Lucius Quinctius Flamininus kwa sababu alipokuwa mkuu wa jeshi aliua mtu karamuni ili kumfurahisha mwandani wake. Flamininus alikuwa amewahi kuwa konsuli, na ndugu yake Titus ndiye aliyeishinda Makedonia. Jina la ukoo halikumwokoa.

Tazama pia walivyobeba gharama za vita. Mwaka 216 KK, Hannibal aliliangamiza jeshi la Roma huko Cannae, makumi ya maelfu wakafa kwa siku moja. Miaka sita baadaye hazina ilikuwa tupu, na makonsuli wakawataka wananchi watoe wapiga makasia na kuwalipa kwa fedha zao wenyewe. Watu walikusanyika sokoni wakalalamika waziwazi kwamba wamekwisha kunyonywa, mashamba yameungua na watumwa wamechukuliwa na jeshi. Konsuli Laevinus hakuwaita wachochezi. Aliliambia baraza kwamba ukitaka kumtwika mdogo mzigo, jitwike wewe kwanza. Kesho yake maseneta walileta dhahabu, fedha na shaba zao, wakajibakizia pete na vitu vichache vya wake na watoto wao. Walijazana hata makarani wakashindwa kuandika kwa kasi ya kuwatosha. Baada ya hapo wananchi walitoa bila kulazimishwa.

Uadilifu huo haukumaanisha kwamba hapakuwa na wezi. Katika vita hivyohivyo, wafanyabiashara wenye zabuni za kusafirisha shehena za jeshi walikubaliana na serikali kwamba meli ikizama kwa dhoruba, hasara ni ya hazina. Mmoja wao, Marcus Postumius wa Pyrgi, alifanya utapeli ambao mkaguzi yeyote wa leo ataufahamu mara moja. Aliripoti ajali ambazo hazikutokea. Pengine alipakia takataka kwenye meli mbovu, akaizamisha makusudi huku mashua za kuwaokoa mabaharia zikiwa zimekwisha kuandaliwa, kisha akadai fidia ya mali nyingi ambayo haikuwamo. Seneti ilipata habari, lakini ikasitasita kwa kuogopa kuwaudhi wazabuni wakati wa vita. Mwaka 212 KK watetezi wawili wa umma waliamua kwamba uoga huo umetosha. Walimdai Postumius faini ya sarafu 200,000 za shaba mbele ya mkutano wa wananchi. Wazabuni wenzake walikuja kwa fujo wakauvunja mkutano. Hapo Seneti nayo ikasimama imara: shtaka la faini likageuzwa kuwa la kifo, Postumius akatoroka, mali yake ikauzwa. Hannibal alikuwa bado ndani ya Italia. Warumi wa wakati ule hawakusema tusubiri vita viishe ndipo tushughulike na wezi.

Msomaji wa Afrika ana haki ya kutukumbusha upande wa pili. Dola lililojengwa kwa nidhamu hiyo liliiteketeza Karthago mwaka 146 KK na kuwauza utumwani walionusurika. Hatuiweki Roma mbele ya wasomaji wetu kama kiigizo cha utu. Tunaiweka kwa sababu ilitunza kumbukumbu za wema na uovu wake, na kwa sababu dhuluma iliyowafanyia watu wa mbali ndiyo iliyowafundisha viongozi wake tabia walizokuja nazo nyumbani.

Mahali pa mafunzo hayo palikuwa majimboni. Liwali wa Kirumi alipelekwa ng'ambo akiwa na jeshi na mahakama mkononi mwake, mbali na wenzake wa kumzuia. Malalamiko yalizidi hadi mwaka 149 KK ikaundwa mahakama maalumu ya kuwahukumu maliwali walionyang'anya mali za watu. Mahakama ilikuwapo, sheria ilikuwapo, lakini waliokaa kuhukumu walikuwa maseneta wakimhukumu seneta mwenzao. Gaius Verres aliitawala Sicilia kuanzia mwaka 73 hadi 71 KK. Aliiba sanamu mahekaluni, akauza hukumu, akapora nafaka za wakulima, na akamsulubisha raia wa Roma aliyekuwa akilia kwamba yeye ni raia. Cicero, aliyemshtaki mwaka 70 KK, alieleza jinsi Verres alivyojigamba kuwa amezigawa faida za miaka yake mitatu: mwaka mmoja wake mwenyewe, mwingine wa mawakili wake, na ule wenye mavuno makubwa kuliko yote wa mahakimu wake. Safari hiyo ushahidi ulikuwa mzito mno, akakimbilia uhamishoni. Lakini alikuwa amekwisha kuieleza bajeti ya ufisadi kwa namna ambayo bado haijapitwa na wakati: mwizi mwenye akili hutenga fungu la wasimamizi wake kabla hajaiba.

Mwaka 59 KK ikatungwa sheria iliyomtaka liwali kuacha nakala za hesabu zake katika miji miwili ya jimbo lake na kuwasilisha nyingine Roma. Ilikuwa sheria nzuri. Aliyeipitisha alikuwa Julius Caesar. Miaka kumi baadaye, mwaka 49 KK, Caesar huyohuyo alivuka mto Rubicon na jeshi lake. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na watu wa zama hizo ni kwamba alijua akiacha cheo na kurudi kuwa raia wa kawaida, maadui zake wangemfikisha mahakamani kujibu aliyoyafanya alipokuwa konsuli. Jamhuri iliyodumu karne nne na nusu ikaingia vitani na kufa, na mmoja wa wauaji wake alikuwa mwandishi wa mojawapo ya sheria zake bora za uwajibikaji.

Makaisari walipochukua nchi, waliirudishia amani kwa muda mrefu, lakini swali la nani atamuuliza mkubwa lilibaki bila jibu. Mwaka 193 BK, askari wa ulinzi wa ikulu walimuua Kaisari Pertinax aliyejaribu kuwarudishia nidhamu. Baada ya hapo walikinadi cheo chake kambini kwao, na Didius Julianus akashinda mnada kwa kuahidi sarafu 25,000 kwa kila askari. Alitawala siku 66 kisha akauawa. Katika karne iliyofuata, watawala waliohitaji fedha za kuwalipa askari walipunguza madini ya fedha ndani ya sarafu, na kufikia mwisho wa miaka ya 260 sarafu kuu ilikuwa na fedha chini ya asilimia 10. Kodi zikapanda. Madiwani wa miji walilazimishwa kufidia kwa mali zao kodi isiyokusanywa. Matajiri wenye kujuana na wakubwa walipata vyeo vilivyowasamehe mzigo huo, ukawabakia wenye kipato cha wastani, nao wakaanza kukimbia miji yao.

Kisa kinachotuuma kuliko vyote kilitokea hapa Afrika, katika mji wa Leptis Magna kwenye pwani ya Libya ya leo. Katika miaka ya 360, watu wa jangwani walioitwa Austoriani waliuvamia ukingo wa mji huo, wakaua wakulima na kuchoma mali kwa siku tatu. Wenyeji walimwomba msaada Romanus, kamanda wa majeshi ya Afrika. Alikuja na askari, lakini akasema hatasogea hadi apewe vyakula tele na ngamia 4,000. Watu waliotoka kuporwa wangevitoa wapi? Romanus alikaa siku 40 akaondoka bila kufanya lolote, na wavamizi wakarudi.

Baraza la jimbo likatuma wajumbe kwa Kaisari Valentinian. Romanus alikwisha kumtangulizia tarishi Remigius, mkuu wa ofisi za ikulu, aliyekuwa jamaa yake na mshirika wake katika ulaji. Suala likapigwa danadana. Hatimaye Kaisari alimtuma karani wake, Palladius, aende Afrika na kazi mbili: kuwalipa askari malimbikizo yao na kuchunguza ukweli wa malalamiko. Romanus aliwanong'oneza wakuu wa vikosi wampe mgeni huyo sehemu kubwa ya fedha alizozileta. Palladius akapokea. Ndipo akaenda Leptis, ambako raia wawili, Erechthius na Aristomenes, walimtembeza magofuni na kumwonyesha kila kitu. Alirudi kwa Romanus akiwa amekasirika, akamwambia atamweleza Kaisari ukweli wote. Romanus akamjibu kwa utulivu kwamba naye ataeleza zilikokwenda posho za askari.

Mazungumzo yakaishia hapo. Palladius aliripoti kwamba watu wa Leptis wamelalamika bure. Kwa ripoti hiyo, liwali Ruricius aliyeandika ukweli aliuawa, mjumbe Jovinus na wenzake wakauawa, na ikatolewa amri Erechthius na Aristomenes wakatwe ndimi kwa kusema kupita kiasi. Hao wawili walijificha. Miaka mingi baadaye barua iliyokutwa katika nyaraka za Romanus ilifichua kwamba Palladius alimdanganya Kaisari. Palladius alijinyonga, na Remigius vilevile. Lakini waliouawa hawakurudi, na Leptis haikurudi kuwa ule mji uliomzaa Septimius Severus, Kaisari aliyeishika Roma baada ya aibu ya mnada wa mwaka 193.

Kila mkaguzi na asome kisa hicho mara mbili. Palladius hakushindwa siku aliyoandika ripoti ya uongo. Alishindwa siku aliyopokea fedha, akidhani bado ana uhuru wa kusema kweli baadaye.

Ugonjwa huo haukukaa Afrika peke yake. Mwaka 376, maelfu ya Wagothi waliokuwa wakilikimbia kabila lililoitwa Wahuni walivuka mto Danubi kwa ruhusa ya Kaisari Valens, wakiwa tayari kulitumikia dola kama askari na wakulima. Maofisa waliokabidhiwa kuwapokea, Lupicinus na Maximus, waliona njaa ya wakimbizi kama biashara. Mwanahistoria Ammianus ameandika kwamba walikusanya mbwa na kuwauza kwa Wagothi ili wawale, kila mbwa kwa mtumwa mmoja, na miongoni mwa waliotolewa walikuwamo watoto wa machifu. Wagothi wakaasi. Tarehe 9 Agosti 378, karibu na Adrianople, mji unaoitwa leo Edirne nchini Uturuki, Valens aliuawa na theluthi mbili hivi za jeshi lake zikaangamia. Maofisa wawili walitafuta faida ya siku chache, dola likapoteza jeshi.

Hatudai kwamba ufisadi peke yake uliiangusha Roma. Palikuwa na tauni, palikuwa na msukumo wa Wahuni, na Wavandali walipoiteka Karthago mwaka 439 walizikata kodi na nafaka za Afrika zilizoilisha Italia. Nusu ya mashariki ya dola, iliyokabiliwa na maadui walewale, ilidumu hadi mwaka 1453. Tunachodai ni kwamba maafa huipata kila nchi, lakini nchi ambayo walinzi wake wamekwisha kununuliwa haina cha kuyakabili nayo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 458, ikiwa imebaki miaka 18 kabla kaisari wa mwisho wa magharibi hajaondolewa madarakani, Kaisari Majorian alitoa sheria ya kuyalinda majengo ya umma ya Roma. Maofisa walikuwa wakitoa vibali vya kuyabomoa ili watu wajengee nyumba zao mawe yake. Sheria ilikuwa kali: ofisa mkubwa aliyeruhusu alipe ratili 50 za dhahabu, na watumishi wa chini yake waliotii wapigwe viboko na kukatwa mikono. Pima hukumu hiyo vizuri. Mwenye amri anatozwa faini, aliyeamriwa anapoteza mikono. Nchi ikifika hapo, watumishi wadogo wanajifunza kwamba usalama wao uko katika kufumba macho. Miaka mitatu baadaye, Majorian aliuawa na jemadari wake mwenyewe, Ricimer.

Nchi zetu za Afrika Mashariki hazina uhaba wa sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imetenga Sura ya Sita nzima kwa uongozi na uadilifu. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tangu mwaka 1995, na kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwekwa mezani bungeni. Majorian naye alikuwa na sheria, na Caesar aliandika yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee wetu, nasi tunaongeza kwamba daftari lisilo na msomaji jasiri ni karatasi tu.

Kwa hiyo tunasema bila kumung'unya maneno. Mwenye cheo atoe hesabu kabla hajaulizwa, na asitaje mema aliyoifanyia nchi kama kinga, maana kuifanyia nchi mema ndiyo kazi aliyoajiriwa. Nchi ikihitaji wananchi wafunge mkanda, viongozi waanze wao, hadharani na kwa mali zao, kama baraza la Laevinus lilivyofanya. Mkaguzi asipokee chakula, usafiri wala bahasha kutoka kwa anayemkagua, kwani akionja ameshajifunga. Wabunge na madiwani wamuulize kiongozi wanayempenda maswali yaleyale wanayomuuliza wasiyempenda. Kiongozi aliyeleta uhuru, aliyejenga barabara au aliyetuvusha vita anastahili heshima yetu yote, na heshima hiyo haifuti hata shilingi moja katika anayopaswa kuyaeleza.

Wananchi nao wana wajibu, na hatutawabembeleza. Anayemsifu mwizi kwa sababu ni wa kwao na anakula na wenzake amejiandikisha kuwa fungu la pili la Verres. Anayepokea mchango wa harambee bila kujiuliza umetoka wapi, anauza haki ya kuuliza kesho. Sisi wa vyombo vya habari hatuko nje ya hukumu hii. Habari tuliyoiacha kwa kuogopa kupoteza tangazo ni ripoti ya Palladius iliyoandikwa kwa ukimya.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Serikali, mabunge na mahakama ziwe na wajibu wa kwanza wa kumlinda mtoa taarifa: karani aliyeona hati ya malipo hewa, muuguzi aliyehesabu dawa zikapungua, mwanakijiji aliyehoji mauzo ya ardhi ya kijiji. Watu kama hao wasihamishwe, wasifukuzwe kazi, wala wasifunguliwe kesi za kuwanyamazisha. Katika wizara, halmashauri, chama cha ushirika, msikiti au kanisa, popote palipo na fedha za watu, hesabu isomwe mbele ya wenyewe, na aliyeuliza arudi nyumbani kwake salama.